Safu ya Kiu

Jumatatu, 6 Januari

Daftari hili lilikuwa la kazi. Kurasa za mwanzo zimejaa redio za watu: mwenye kifaa, kifaa, tatizo, dawa. Nilipofunga karakana na kuhamishia meza yangu kwenye baraza ya nyuma ya nyumba, zaidi ya nusu ya kurasa zilibaki tupu, na mimi si mtu wa kutupa karatasi iliyokwisha kupigwa mistari. Basi nitaandika humu habari za banda la nyanya mpaka mtoto amalize shughuli yake.

Mtoto mwenyewe ni binti yetu wa mwisho, anasomea mimea chuoni. Jana kaja na neno lililonifanya nipaliwe na chai: eti nyanya ikikosa maji hupiga kelele. Kelele nyembamba, juu kabisa ya pale sikio la binadamu linapoishia. Anataka mashine ya kuzinasa, kuzishusha zisikike, na kuzihesabu. Ya chuoni ni moja tu, na foleni yake haina mwisho. Mama yake analo banda la nailoni na miche tayari.

"Baba si fundi?" akaniuliza.

Ukishaulizwa hivyo na mwanao mbele ya mama yake, umekwisha.

Asipowasilisha kazi hii tarehe kumi na nne Machi, atarudia mwaka mzima. Alilisema hilo huku anamenya chungwa, kama vile anasimulia ya mtu mwingine, ila maganda yalikuwa yanakatika vipande vidogo vidogo. Huyu tangu ana miaka sita humenya chungwa zima kwa ganda moja.

Jumamosi, 11 Januari

Mashine niliyoanza kuiunda inajisikia yenyewe, inavuma bila kuwekewa mche. Nimebadilisha waya mara mbili.

Jumanne, 14 Januari

Mke wangu kahamishia miche ishirini kwenye ndoo, kumi kushoto na kumi kulia. Kazi yangu ilikuwa kushika ndoo. Alisema kitu akiwa ameinama, nikajibu "Ndiyo." Baadaye nikagundua nimekubali meza yangu isogezwe mpaka ukutani, penye bomba la maji, ili ndoo zipate njia. Siku hizi "ndiyo" yangu inatosha kwa maswali tisa kati ya kumi. La kumi ndilo huniponza. Zamani nilikuwa nauliza "Eti?", lakini niliiona sura yake inachoka, nikaacha.

Nimejifunza jambo, naliandika lisinipotee: jua la mchana hulegeza majani ya nyanya hata iliyoshiba maji. Jioni yakisimama tena, hakuna neno.

Jumapili, 26 Januari

Imefanya kazi!

Binti alikuja na mche mmoja wa ziada aliokuwa ameunyima maji siku tatu. Tukausimamisha karibu na kinasa sauti, nikawasha. Kimya. Nikajiona mzee mpumbavu mwenye sanduku la bati. Halafu namba ikaruka. Ikaruka tena. Nikaegemeza kidole kwenye spika, kana kwamba naikaza, nikaipata sauti kwa ncha ya kidole: tak. Tak-tak. Kama mtu anavunja njiti za kiberiti moja moja, bila haraka.

Binti aliruka mpaka kichwa kikagonga nailoni. "Baba, haki ya Mungu, wewe ni mwisho!"

Mama yake hakuruka. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani.

"Analia," akasema.

"Halii, Mama. Ndani ya shina kuna mirija inayovuta maji juu. Maji yakipungua, hewa inaingia, kiputo kinapasuka. Ni mirija tu hiyo."

"Na wewe ukilia ni machozi tu," mama yake akamjibu, akainuka kwenda kuchukua kopo la kumwagilia.

Jumatatu, 27 Januari

Binti karudi chuoni, katuachia sheria. Safu ya kushoto inamwagiliwa kila siku saa moja asubuhi, hiyo ni safu ya shibe. Ya kulia haipewi hata tone kwa siku saba, hiyo ni safu ya kiu. Mtu asiguse ndoo, shina wala udongo wa safu ya kiu, maana mashine itahesabu mtikisiko. Saa kumi alasiri nasoma namba ya saa iliyopita, nampigia simu.

Nilimuuliza tutarajie kuona nini. Akakataa katakata. "Mkijua ninachokingoja mtaanza kukiona, Baba. Andika kilichopo." Nimempenda kwa hilo. Vijana wangu wa karakana niliwafundisha vivyo hivyo: usimsikilize mwenye redio anavyosema imeharibika nini, ifungue uone.

Jumanne, 28 Januari

Shibe 1. Kiu 9. Jua kali.

Jumatano, 29 Januari

Shibe 0. Kiu 22. Mke wangu hakula mchana, anasema ni joto.

Alhamisi, 30 Januari

Shibe 1. Kiu 3. Tatu? Nimesoma mara mbili. Mke wangu amekula vizuri.

Jumatatu, 3 Februari

Siku saba zimetimia, na safu ya kiu haijafika kumi tangu Alhamisi. Majani yake yamesimama kama askari wa gwaride. Nilimwambia mke wangu kwamba mbegu yake lazima ni ya jangwani. Akasema, "Huenda." Akaenda kuanua nguo.

Nilipomsomea binti namba za mwisho akasema, "Haiwezekani, Baba. Labda mashine." Hakusema kwa ubaya. Lakini miaka arobaini nimekaa na bisibisi mkononi, na hakuna neno linalonikata maini kama hilo. Na tarehe kumi na nne Machi haisogei.

Alhamisi, 6 Februari

Mwenye kifaa: binti yangu.
Kifaa: mashine ya kusikiliza nyanya.
Tatizo: kiziwi.
Dawa: nimefungua yote, nimesafisha, nimefunga. Sijaona ubovu wowote.

Kesho tunaanza tena siku saba.

Jumapili, 9 Februari

Kiu 20. Nilikaribia kucheza.

Jumatatu, 10 Februari

Kiu 2. Nimeifungua mashine tena.

Jumatano, 12 Februari

Nimemkamata.

Tangu meza yangu isogezwe ukutani, bisibisi zangu huzilaza juu ya lile bomba linalopeleka maji bandani. Saa tano asubuhi nilikuwa nimeinamia mashine, naifungua kwa mara ya tatu, nikaona bisibisi ndogo inatetemeka. Ikatulia. Ikatetemeka tena. Bomba lile halitetemeki mpaka mtu afungue maji, na safu ya shibe ilikwishanyweshwa tangu saa moja. Nikavua kandambili, nikanyata mpaka mlangoni.

Alikuwa kwenye safu ya kiu, na kopo. Anamimina polepole ukingoni mwa ndoo, shina lisitikisike. Sheria ya kutogusa ameishika barabara! Na midomo inacheza, anaongea nayo.

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi. Ulidhani nani, panya?"

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu, ile ya kwanza kabisa." Aliongea huku ameniangalia usoni, nikampata neno kwa neno. "Wewe unakaa barazani na namba zako. Mimi ndiye niko humu kutwa, na spika iko hapa sikioni. Tak, tak, tak. Kitu kinaomba maji, kopo ninalo mkononi. Nijitie hamnazo?"

"Mtoto atarudia mwaka!"

Hapo akaliweka kopo chini. Uso wake ulibadilika, nikajua hilo alikuwa amelisukumia nyuma ya kichwa muda wote. "Nilikuwa nawapa kidogo tu," akasema. "Nilidhani kidogo hakitaonekana."

Wiki mbili! Wiki mbili nafungua na kufunga sanduku, nimeanza kuamini mikono yangu imezeeka. Nilimwambia maneno mawili matatu ambayo daftari hili halina haja nayo. Kisha nikarudi mezani, nikakaa, na nitasema ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: nilifurahi. Mashine ni nzima. Imemsikia mke wangu kila alipomimina.

Jumamosi, 15 Februari

Alimwambia binti mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Binti alifika na begi mgongoni, hata maji hajanywa, mama yake akamsimamisha jikoni.

"Mashine ya baba yako haina kosa. Mimi ndiye niliyezinywesha."

Binti alitutazama mmoja mmoja. Machozi yakamjaa. "Mama, unanifelisha kwa huruma?" Akakaa chini kabisa, sakafuni. Mke wangu naye akakaa chini karibu naye. Mimi nikabaki nimesimama na sufuria ya chai sijui niipeleke wapi. Walikaa hivyo mpaka binti akaanza kutikisika mabega, nikadhani kazidi kulia, kumbe anacheka. "Nitaandika nini kwenye ripoti?" akasema. "Kwamba mama wa mtafiti aliingilia kati?"

Wamekubaliana miche ipumzike wiki mbili, inywe, irudishe nguvu. Tutaanza tarehe tatu Machi na kumaliza tarehe tisa. Zitabaki siku tano za kuandika. Hakuna mara nyingine baada ya hiyo.

"Mimi sijiamini," mke wangu akasema. "Wiki hiyo mnitoe humu."

Jumamosi, 22 Februari

Maua ya manjano kila ndoo. Mke wangu anazunguka anayahesabu. Mimi naye tumeelewana tena, ananiita "askari wa bomba".

Jumatatu, 3 Machi

Kaondoka asubuhi na begi dogo kwenda kwa dada yake, mtaa wa tatu kutoka hapa. Mlangoni aligeuka mara mbili, na wala si kwa ajili yangu. Minyanya sasa inanifika kifuani, mingine imebeba matunda mabichi. Kiu 2.

Jumanne, 4 Machi

Kiu 11. Chai na mkate.

Jumatano, 5 Machi

Kiu 27. Chai na mkate. Shemeji alituma salamu kwamba mke wangu kamwagilia maua yake yote mpaka yanaogelea.

Alhamisi, 6 Machi

Kiu 41.

Leo nilikaa bandani, kidole kwenye spika, tangu saa sita. Joto la kuoka mkate. Miaka yote nimewasikiliza watu wakisema redio "inalia", nikawasahihisha: hailii, inakwaruza, kuna tofauti. Leo chini ya kidole changu kulikuwa na kitu kinachogonga kutoka ndani, bila kupumzika, na kopo lipo hatua tatu. Nilimwonea mke wangu aibu kwa maneno niliyomwambia. Mara nikajikuta nimelishika kopo, sijui hata lilifikaje mkononi. Nikalirudisha, nikatoka nje, nikajikaza kisabuni mpaka saa kumi.

Ijumaa, 7 Machi

Kiu 46. Majani yamelegea, mchana na jioni pia. Binti anasema endelea, Baba, tafadhali.

Jumamosi, 8 Machi

Kiu 19. Sikuipenda hii namba. Binti aliuliza kama nina uhakika, nikasema ninao. Akasema, "Sawa," kwa sauti ya mtu aliyebana pumzi.

Jumapili, 9 Machi

Saa saba mchana nilichungulia namba kabla ya wakati wake. Kiu 4.

Damu ikanipanda. Hizi namba nazijua! Zinapanda, zinapanda, halafu zinaanguka: ndivyo zilivyofanya Januari na ndivyo zilivyofanya Februari, na sababu yake nimeishi nayo miaka thelathini na minne ya ndoa. Nikalitazama kopo, limelowa ndani. Majani yalikuwa yamelala, lakini si ni yeye aliyeniambia jua la mchana hulegeza hata iliyoshiba? Nikapiga simu.

"Umepita mlango wa nyuma!" nikapaza sauti. "Umezinywesha tena! Saa tatu zimebaki, saa tatu tu, zimekushinda!"

Sikuipata sauti yake upande wa pili. Nikaongeza mengine. Simu ikakatika.

Haikufika robo saa, kaingia kwa lango la mbele, wazi kabisa, miguuni viatu vya mikanda vya dada yake vinavyompita ukubwa. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye safu ya kiu, akapiga magoti, akazamisha kidole kwenye udongo. Kisha akanivuta mkono, akazamisha na cha kwangu.

Vumbi. Vumbi moto mpaka chini. Udongo ule haukuwa umeonja tone tangu Jumatatu.

"Na kopo?" nikauliza.

"Safu ya shibe kainywesha nani asubuhi?"

Mimi. Saa moja, kwa kopo hilo hilo.

Alinishika kidevu ili nimwone akisema. "Hazikunyamaza kwa sababu zimeshiba, baba. Zimeishiwa hata nguvu ya kulia."

Nilimpigia binti, nikafungua spika ya simu mpaka mwisho. Nikamwambia nne. Nikamwambia udongo ni mkavu, tumeugusa, sheria tumeivunja, atusamehe. Alipiga ukelele ambao hata mimi niliupata sawasawa.

"Imeshuka bila maji? Baba! Hicho ndicho nilichokuwa nakingoja! Mirija ikishakauka hakuna kiputo cha kupasuka. Inapanda, halafu inakufa. Sikuwaambia ili msije mkakiona kabla hakijatokea. Inatosha, nimepata! Wapeni maji! Wapeni sasa hivi!"

Mke wangu alikuwa keshafungua bomba. Tulinywesha sote wawili, yeye kopo, mimi sufuria ya chai, na udongo ulikuwa mkavu kiasi kwamba maji ya kwanza yalipita pembeni yakatokea chini. Tukarudia. Tukarudia tena.

Baadaye tuliketi kwenye ndoo zilizopinduliwa. Nikamwomba radhi, akanipiga begani. Akasema kitu huku anafungua mikanda ya vile viatu.

"Ndiyo," nikasema.

Akaacha mikanda. "Nimekuuliza umekula nini wiki nzima. Ndiyo ni chakula gani?"

Akasogeza ndoo yake mpaka magoti yetu yakagusana.

"Zamani ulikuwa unaniuliza 'Eti?' mara ishirini kwa siku, mpaka nakereka. Mwaka huu hujaniuliza hata mara moja." Akanifuta udongo kidoleni. "Nikadhani umepona."

Nikamwambia yote. Kwamba simsikii akiwa jikoni wala akinipa kisogo, kwamba nyanya zenyewe nilizisikia kwa kidole, kwamba fundi wa redio asiyesikia ni kichekesho na sikutaka kuchekwa. Hakucheka. Alilia kidogo, na mimi pia.

Jumatano, 12 Machi

Minyanya minane kati ya kumi imesimama. Miwili mke wangu kaing'oa, kazika mizizi nyuma ya banda. Binti anaandika usiku na mchana, simu yake haipokelewi.

Ijumaa, 14 Machi

Amefaulu! Mwalimu wake alimuuliza namba za Januari na Februari zina maana gani, na yeye hakuzificha. Aliandika kwamba safu ya kiu ilinyweshwa kwa siri na kwamba mashine ilionyesha kila mara iliponyweshwa. Mwalimu akasema huo ndio uthibitisho bora kuliko yote aliyowahi kuletewa mwaka huu. Mke wangu amesimulia hilo kwa dada yake mara tatu kwenye simu, na kila mara sehemu yake inazidi kuwa kubwa.

Jioni binti alikuja na machungwa. Alimenya la kwanza kwa ganda moja.

Jumanne, 18 Machi

Mawingu. Mke wangu kanipeleka hospitali, chumba cha masikio. Alikaa kati yangu na mlango.

Alhamisi, 27 Machi

Mwenye kifaa: mimi.
Kifaa: masikio, jozi moja.
Aliyeleta: mke.
Tatizo: yalilalamika, hayakusikilizwa, yakanyamaza.
Dawa: vifaa viwili vidogo vya kuning'iniza nyuma ya sikio. Haviponyi. Vinasaidia.

Leo ndiyo siku ya kwanza kuvivaa. Kijiko kwenye kikombe kinapiga makelele ya ajabu, na kumbe kiti changu hulalamika kila ninapokikalia. Saa tisa nilikuwa bandani nakusanya waya za mashine, mke wangu anachuma nyanya za kwanza zilizoiva kwenye safu ya kiu, wakati tak-tak ilipoanza. Sio chache. Mia, elfu, kila upande. Nikashika spika, haitikisiki. Nikachomoa waya; sauti bado ipo, tena inazidi. Nikajua mashine imekufa kabisa sasa.

"Ni mvua, Fundi," mke wangu akasema, amenipa kisogo, mikono ndani ya majani. "Mvua inapiga nailoni."

Nilimsikia kila neno.

"Eti?" nikamuuliza.

Akageuka, akaniambia tena.